Yunisi Ntibashima, Mama Aliyekataa Kutia Dole Gumba

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Bangwe, Ujiji, Kalinzi na hadi kwenye kambi za wakimbizi, nawasalimu jioni hii. Punguzeni kidogo kelele za sufuria, tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka Yunisi Ntibashima wa Buzebazeba. Alifariki Jumanne iliyopita kwa presha, akiwa na miaka hamsini na tisa. Si moto uliomuua. Narudia, si moto. Moto alipambana nao miaka kumi na moja iliyopita, na aliushinda.

Yunisi alikuwa mpishi wa sabuni. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo ambako mawese huchemshwa kwenye pipa. Pipa lilikaa juu ya stendi ya chuma. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umekatika, ukaegemezwa kwa tofali. Yunisi alimwambia mwenye kiwanda mara tatu. Mara tatu alijibiwa, "Nitaleta fundi." Fundi hakuja. Asubuhi moja ya Agosti tofali likapasuka, pipa likainama, na mawese ya moto yakammwagikia mkono wa kulia, ubavu na paja.

Mwenzake wa kazi, Inamahoro, dada aliyetoka Burundi, alimvuta hadi bombani. Mtu mmoja akaja mbio na dawa ya meno ya kumpaka. "Oya!" Inamahoro akapiga kelele. "Hapana! Maji tu!" Akamwagia maji safi yasiyo na barafu, dakika ishirini hivi, bila kuacha. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale yaliokoa ngozi ya paja.

Siku ya tatu mwenye kiwanda alikwenda wodini na chupa ya juisi. Akaugusa mkono. Yunisi hakushtuka.

"Mnaona? Hata haumuumi," akasema. "Wiki mbili atarudi kazini."

Nesi wa zamu, Scola, aliweka chini bandeji.

"Mzee, paja linamuuma kwa sababu ngozi ya pale bado iko hai. Mkono haumuumi kwa sababu moto umepita ngozi yote, umeua mishipa ya fahamu. Hapo pasipouma ndipo palipoungua zaidi."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo. Pasipouma ndipo palipoungua zaidi. Msiupime moto kwa kilio cha mgonjwa.

Yule bwana akatoa karatasi. Ilisema Yunisi alijiunguza kwa uzembe wake na hana madai. Akatoa na kidau cha wino. Mumewe, Eliakimu, alikuwepo. Ameniambia hivi: "Mimi niliogopa. Nilitaka atie dole tuachwe kwa amani. Yunisi akamtazama yule mtu, akamwambia, 'Dole gumba lenyewe umeliunguza. Sasa unalitaka lishuhudie kwamba si wewe?' Akageukia ukutani."

Hakutia dole. Lakini alilia, Eliakimu anasema, baada ya yule bwana kuondoka. Alilia kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Alianzia kwa Feliksi, msaidizi wa kisheria wa kata. Yunisi alimwambia, "Mimi ni kibarua tu, sina hata mkataba." Feliksi akamjibu, "Kibarua naye ni mfanyakazi, mama. Umeumia kazini, una haki ya fidia." Akamwagiza atunze fomu ya polisi, cheti cha daktari na picha za majeraha, na adai mapema, kwa kuwa muda wa kudai una mwisho. Kisha akauliza, "Nani aliliona tofali?"

Aliyeliona ni Inamahoro. Naye hakuwa na karatasi za kuishi mjini. Yunisi alikwenda kwake, mkono ukiwa kwenye bandeji. "Sitakulazimisha, mdogo wangu," alimwambia. Inamahoro anakumbuka: "Sikulala vizuri wiki nzima. Halafu nikawaza, pipa bado lipo, na wasichana wengine bado wanalikoroga." Feliksi alimsindikiza kwanza kushughulikia vibali vyake. Kisha Inamahoro akatoa ushahidi.

Ilichukua miaka miwili. Madaktari walipima ulemavu wa mkono wake. Vidole viwili havikukunjuka tena. Ilibainika kwamba mwajiri hakuwasajili wafanyakazi wake wala hakutoa taarifa ya ajali. Yunisi alilipwa fidia, na stendi zote pale kiwandani zikabadilishwa.

Wengi wangeishia hapo. Yunisi alianza kwenda hospitali kila Alhamisi, kukaa na walioungua. Mama aliyemwagikiwa uji. Fundi aliyelipukiwa na gesi. Binti yake, Wema, anasema: "Mama alikuwa mkali. Akikuta mtu anataka kutia sahihi asichosomewa, alimnyang'anya kalamu." Juzi, makaburini Bangwe, niliwaona watu hao. Baadhi walikunja mikono ya mashati, makovu nje, wakashika chepeo kumfukia.

Kwako mzee Eliakimu, kwako Wema, kwako Inamahoro, poleni sana. Kituo chetu kinalia pamoja nanyi. Mungu ampumzishe.

Na wewe mwenye kiwanda, mwenye mgahawa, mwenye karakana unayenisikia: kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, waulize wafanyakazi wako ni kitu gani wamekwambia mara tatu. Kisha kitengeneze, kabla hujawaruhusu kuanza kazi.