Profesa Rubeša na Mtihani wa Sikio

Baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha na kutafiti injini za meli, Profesa Vjekoslav Rubeša anastaafu tarehe 30 Septemba 2025. Sentensi hii niliiandika mwezi Juni, na ndiyo pekee iliyosalia. Zilizoifuata nilizifuta baada ya Alhamisi ya tarehe 11 Septemba, maana hadi leo wengi wetu hapa kitivoni hatujarudiwa na akili.

Yasiyo na ubishi ni haya. Mtoto wa mwoka mikate wa Kastav, alifanya kazi miaka mitatu kwenye vyumba vya injini kabla ya kuja kwetu Rijeka mwaka 1987. Utafiti wake kuhusu namna mafuta yanavyopulizwa ndani ya silinda ulipunguza matumizi ya feri za visiwani kwa lita nane katika kila mia. Nimezipiga hesabu hizo mwenyewe, na ziko sawa.

Ila nje ya chuo anajulikana kwa mtihani wa sikio. Kwenye karakana yetu kuna injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye feri iliyokatwakatwa, tunaiita Bibi. Fundi Dario Frlan hubana mafuta ya silinda moja kwa siri. Mwanafunzi husimama nyuma ya mstari wa njano, mikono mfukoni, asikilize, kisha aandike namba ya silinda inayougua. Profesa naye huandika yake, bila kuambiwa lolote, akiwa ameegemea reli ya chuma iliyofungwa kwenye kitako cha injini. Hakuwahi kukosea. Wanafunzi walikuwa wakisema mzee huyu anamsikia chungu akipiga chafya ndani ya tangi la oili.

Mwanafunzi aliyegusa reli alianguka mtihani hapo hapo. "Umekuja kusikiliza au kupapasa?" ndilo lililokuwa neno lake.

Mimi niligusa, Juni 2017. Niliandika silinda ya tatu, Dario akafungua, ikawa ya tatu. Nikaangushwa. Kazi niliyokuwa nimeahidiwa melini ikachukuliwa na mwingine, na ada ya mwaka wa kurudia niliilipa kwa kuosha vyombo hotelini Opatija.

Alhamisi hiyo tulikuwa kwenye mlo wa saa nne asubuhi, ugali na ngisi, na Mkuu wa Kitivo, Bi. Loredana Matetić, akatangaza kwamba Baraza litampa Profesa cheo cha heshima cha maisha. Makofi yakapigwa. Dario, ambaye humwita mjomba kwa mapenzi tu, akapaza sauti, "Mjomba, toa leso, leo utalia!"

Profesa akasimama, akachomoa kifaa kidogo sikioni, chini ya mvi, akakiweka kando ya sahani. Hakuna aliyewahi kukiona.

"Kwa hiki nawasikia nyinyi," alisema. "Injini siisikii tangu 2016. Nikiingia karakana nasikia ngurumo moja tu, kama mvua juu ya bati. Nilikuwa najua kwa mkono, kwa mtetemo wa reli."

"Acha utani, mjomba! Hukukosea hata mara moja!"

"Sikukosea, Dario. Na wale kumi na mmoja niliowaangusha kwa kushika reli, majibu yao yalikuwa sahihi vilevile."

Nilijikuta nimeshainuka. "Na mimi je, Profesa?"

"Wewe Elvira ulikuwa wa kwanza. Nilipouona mkono wako pale, nikajua umegundua nilichogundua mimi. Nikaogopa. Ungesema mkono unatosha, wangeniuliza wangu unafanya nini."

Nikaketi.

"Vjeko, kaa ule, ngisi anapoa," Bi. Loredana alisema kwa sauti ya chini. "Haya tutayamaliza ofisini."

"Yaishie hapa hapa. Alama zao zirekebishwe kabla sijaondoka."

"Ukisimama mbele ya Baraza na kusema hivyo, cheo hupati. Unanielewa?"

"Nimekuelewa vizuri. Nimekutazama mdomo."

Jumanne ya tarehe 23 alisimama mbele ya Baraza, akayarudia yote bila kupunguza. Alama kumi na moja zimerekebishwa. Kuanzia muhula ujao mwanafunzi ataruhusiwa kutumia sikio, mkono, au vyote viwili. Msimamizi wa mtihani ni mimi, mwalimu sasa katika idara hii. Cheo hakikutolewa, kwa hiyo hamtakiona mbele ya jina lake kwenye jarida hili wala kwenye mwaliko wa karamu ya kumuaga.

Tunamshukuru kwa mainjinia aliowalea, ambao usiku huu wako zamu katika bahari ambazo yeye hajazifikia. Tunamtakia afya njema, bustani yenye jua huko Kastav, na nyumba ambamo watu humtazama usoni wanapozungumza naye.

Karamu ni tarehe 30, saa moja jioni. Wale kumi na mmoja wamealikwa wote. Wanane wamesema watakuja, wawili wako baharini. Wa kumi na moja alikuwa hajajibu hadi nilipofika kwenye aya hii. Mwaka wangu haurudi, Profesa, na sitasema haukuniuma. Niwekee kiti.

Elvira Šuperina, Idara ya Mitambo ya Meli