Raketi za Bingwa Mtarajiwa

Kijiwe cha Kibwana muuza kahawa, pale Mwembesongo, Morogoro, kina benchi moja la mninga ambalo halikuchongwa kwa ajili ya wanywa kahawa. Lilitoka katika ukumbi wa kiwanda kimoja cha Kihonda, kilichofungwa siku zile serikali ilipogundua kwamba biashara si kazi yake, ikaiachia biashara ijitafutie mwenyewe. Chini ya ubao wake bado kuna namba nyeupe, iliyopigwa na tume ya kuhesabu mali kabla ya mnada. Anayekalia namba hiyo kila alasiri ni Eustace, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda hichohicho, na kijiwe kizima kinamwita Bingwa Mtarajiwa. Jina hilo alilipata kihalali. Mwaka ule wa mwisho aliingia fainali ya mpira wa vinyoya ya wafanyakazi dhidi ya mkewe Juliana, ambaye alikwisha kuwamaliza wanawake wenzake wote akaomba ahamishiwe kwa wanaume. Seti ya mwisho ilikuwa inakaribia ukingoni, Eustace akiwa mbele, tume ilipoingia, ikasimamisha mchezo, ikazichukua raketi zikiwa bado na jasho la viganja na kuzipiga namba. Mchezo ule haujaisha mpaka leo. Kwa hesabu hiyo, Eustace anaongoza.

Mwanzoni aliongoza kwa pointi moja. Miaka ilivyokwenda, pengo likakua vizuri kuliko mafao yake ya uzeeni. Jumapili iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara cha mjukuu wa jirani, alilifikisha pointi saba mbele ya wageni, na Juliana akaweka sahani yake chini taratibu.

– Ukumbi upo, alisema. Wanakodisha kwa harusi, lakini mistari haijafutika sakafuni. Tafuta raketi, baba, tumalize.

Zamani angejibu kwamba Morogoro nzima hakuna raketi, na angekuwa amesema kweli. Ila soko huria halimwachii mtu kisingizio. Mtoto wao aliyeko Mwanza alikuwa amewatumia simu ya kuteleza kwa kidole, na simu ile, kabla Eustace hajamaliza kuiuliza, ilimwonyesha raketi mbili, nyekundu na buluu, na mfuko wake, kwa muuzaji wa Kariakoo anayesafirisha mizigo kwa basi mpaka stendi ya Msamvu. Ndiyo maana siku hiyo aliiweka simu juu ya benchi, katikati ya vikombe, kama mtu aliyeleta maiti kwa uchunguzi.

– Jozi elfu hamsini, alisema. Ofa mwisho leo magharibi. Semeni wenyewe, hii ni bei ya kweli?

Wa kwanza kuidaka simu alikuwa Yunusi, muuza viatu vya mtumba, anayeitwa Dola kwa sababu alikwenda Dubai mara moja na hajawahi kurudi sawasawa.

– Mzee wangu, hapa umepigwa. Hujatuma hata senti na umeshapigwa.

– Kwa nini?

– Bei ya chini mno. Dubai nimeona kwa macho haya raketi moja inauzwa bei ya ng'ombe.

– Ng'ombe wa wapi? aliuliza Paskalia.

– Wa hukohuko.

– Dubai wana ng'ombe?

– Hawana. Ndiyo maana ni ghali.

Paskalia alisonya. Yeye hushuka na kabichi na karoti kutoka Mgeta, na akishamaliza kuuza hukaa mwisho wa benchi akisubiri gari la kupandia mlimani. Hakuna aliyemkaribisha kijiweni na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

– Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema. Na hizo raketi zako, baba, hazitembei tu. Zinapanda basi.

Eustace alijikuta anapumua vizuri zaidi.

– Kwa hiyo niache?

– Subiri kwanza, alisema Dola, akiipanua picha kwa vidole viwili. Nimegundua kitu. Hizi si raketi za mchezo. Hizi ni zile za kuulia mbu.

Vichwa vyote vikainamia simu. Hata Kibwana aliweka birika juu ya mkaa akasogea.

– Zile za umeme? aliuliza Eustace.

– Hizohizo. Unachaji mchana, usiku unapiga mbu, ta, ta. Mchina katengeneza nyingi, mbu wamepungua, sasa wanawauzia wanamichezo. Tafuteni swichi kwenye mpini.

Walitafuta swichi. Kibwana aliiona. Dola alisema ni kivuli. Paskalia alisema hata shetani huanza na kivuli.

– Yaani nimpige Juliana kwa shoti ya umeme, alisema Eustace, na sauti yake haikuwa na huzuni iliyotarajiwa.

– Kinyoya kikigusa tu kinawaka, alisema Dola. Mnacheza kumbe mnachoma kuku.

Hapo ndipo Bonifasi aliposafisha koo. Bonifasi alikuwa karani wa serikali, na ndiye aliyekuwa katibu wa ile tume iliyoingia ukumbini siku ya fainali. Namba ya raketi ya Eustace aliibandika kwa mkono wake mwenyewe. Hajawahi kuona sababu ya kulionea haya jambo hilo. Anaitwa Tume, na akiitwa huitika.

– Tusiende haraka, alisema. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na ndiyo maana vikao vya serikali huwa virefu. Mimi ninaiangalia hiyo nyekundu. Ninaifahamu.

– Unaifahamu vipi?

– Mali ya umma haipotei, Bwana Eustace. Inazunguka. Tuliziuza pamoja na meza na mizani. Aliyenunua akamuuzia mwingine, mwingine akapaka rangi. Leo zimefika Kariakoo, na bei yake ni ya chini kwa sababu kila aliyezishika anajua si zake. Ukizinunua, unapokea mali ya kiwanda ambayo faili lake halijafungwa.

– Faili liko wapi?

– Ndiyo maana halijafungwa.

Paskalia alimgeukia mzimamzima.

– Wewe Tume, si ulikuwepo siku ile? Hebu tusaidie. Nani alikuwa mbele?

Eustace alipata kazi ya kutazama kipande cha jivu kilichodondoka kwenye jiko la Kibwana.

– Hilo, alisema Bonifasi, halikuwemo katika hadidu za rejea.

Kibwana akawazungushia vikombe, kila mmoja akanywa kwa kelele ili wengine wajue anafikiri.

– Mnahangaika na picha, alisema Paskalia. Picha haina damu. Mfanyabiashara anapimwa kwa kushushiwa bei. Mshushe, baba. Ukimshusha mwenye mali, analia. Mimi mteja akiniambia kabichi langu anichukulie kwa nusu, namtaja marehemu mama yangu, nataja ada za watoto, namwonyesha nyayo. Halafu namuuzia. Mwizi halii. Atalilia nini, na mali hana?

Hoja ilipita bila kupingwa. Eustace aliandika, kwa kidole kimoja: *Fanya arobaini.* Jibu lilikuja kabla Dola hajameza kahawa.

*Sawa, baba.*

– Hajalia, alisema Kibwana.

– Mpe nafasi, alisema Paskalia, lakini uso ulikuwa umeshabadilika. Wengine huchelewa. Mwambie thelathini.

*Thelathini,* aliandika Eustace.

*Sawa, baba. Nikutumie namba ya kulipia?*

Paskalia alijishika kifua.

– Hata mama yake hakumtaja, alisema. Huyo hana mama.

– Hana mama kwa sababu si mtu, alisema Dola, akisimama. Ni mashine. Siku hizi wanafunga mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi, inajibu sawa, sawa, sawa, kwa Watanzania wote kwa wakati mmoja. Mashine hailii.

– Mashine ingemwita baba? aliuliza Kibwana.

– Imesoma sauti yake. Wahenga walikwisha kuona mbali, kikulacho ki nguoni mwako. Simu unaiweka wapi? Mfukoni. Mfuko uko wapi?

Bonifasi alilikubali kwa sehemu tu.

– Si mashine. Ni watu wa kodi. Wametega. Wanatangaza vitu ambavyo maskini hawezi kuvitamani, halafu wanasubiri nani atauliza bei. Mtu wa njaa hatafuti raketi. Ukituma tu, Bwana Eustace, unaingia kwenye daraja la wenye nacho, na kutoka huko kunahitaji barua.

– Elfu hamsini niliiogopa, alisema Eustace. Sasa thelathini naiogopa zaidi.

– Na ikishuka mpaka ishirini, kimbia, alisema Dola.

– Mjaribu ishirini, alisema Paskalia, tujue kama ni ya kukimbia.

Eustace aliandika ishirini. Safari hii jibu lilikawia. Wote watano waliitazama simu kwa matumaini ya kuona chozi. Kioo kikazima, Eustace akakiwasha, kikazima tena.

– Amekimbia, alisema Dola. Mwizi akishtuka hukimbia.

– Au amekwenda kulia, alisema Paskalia, ambaye hakupenda kuipoteza nadharia yake.

Eustace alikuwa ameshaanza kupanga maneno ya kumwambia Juliana: kwamba alizitafuta, kwamba alizipata, kwamba wenye busara walikaa wakaona ni utapeli. Yalikuwa maneno mazuri, na yalimwacha mbele kwa pointi saba. Kahawa aliiona tamu kuliko kawaida.

– Hodi hapo, ilisema sauti nyuma ya benchi.

Juliana alikuwa anatoka mazoezi ya kwaya, kitenge begani na mkoba kwapani. Hakuwahi kufika kijiweni hapo. Dola alivua kofia.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba. Baba, ulisema unakuja kuulizia raketi. Zimepatikana?

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Bonifasi, akiwa na maana kwamba hapo hakuna atakayepona.

Eustace alimkabidhi simu. Juliana aliyasoma mazungumzo yote kuanzia juu, polepole, midomo ikitikisika kidogo, huku kijiwe kikimweleza kwa zamu: Dola habari za umeme na mashine, Bonifasi faili na watu wa kodi, Paskalia machozi. Alisikiliza wote. Akapandisha macho.

– Kwa hiyo tatizo ni kwamba bei ni ndogo mno.

– Ndogo mno, mama, walisema kwa pamoja.

– Hii ndogo, mbona mmeitaja nyinyi? Yeye alisema hamsini.

– Alikubali, alisema Paskalia. Ndiyo kosa lake.

– Haya. Hata hiyo hamsini ni ndogo. Kuliko ipi?

– Kuliko bei yenyewe, alisema Dola.

– Ndiyo nauliza. Raketi ya kweli, ya dukani, isiyo ya mwizi wala ya mashine, inauzwa bei gani?

Dola alifungua mdomo, akakumbuka ng'ombe, akaufunga. Bonifasi aliinama kuikagua namba iliyo chini ya benchi kana kwamba jibu lilibandikwa huko. Paskalia alianza kukung'uta ungo wake. Eustace, aliyekuwa na simu ile tangu Jumatatu, alitambua kwamba jambo hilo hakuwahi kuliuliza hata mara moja, na kwamba hakulisahau kwa bahati mbaya.

– Kibwana, niongeze, alisema.

Kibwana aliinamisha birika. Likatoa matone mawili na machicha.

– Imekwisha, mzee.

Juliana alikaa kwenye benchi, juu ya namba, akafungua mkoba. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakifungua na kukiweka katikati ya vikombe. Kilikuwa kinyoya. Manyoya yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, mawili yamevunjika, lakini kilisimama.

Bonifasi alikitazama kama mtu aliyeona jina la marehemu kwenye orodha ya wapiga kura.

– Hicho hakina namba, alisema.

– Nilikitia kifuani mlipoingia. Nilikuwa nacho mkononi. Ndiyo kusema, Bwana Tume, zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu, na huanzisha aliyeshinda mpigo uliopita.

Hakuna aliyemtazama Eustace, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kumtazama.

– Bei ya haki hatuijui, alisema Juliana. Basi mrudishie ile aliyoitaja mwenyewe. Zikiwa za bandia, zitakatika zote mbili, ya kwako na ya kwangu, tutakuwa sawa. Mimi nakumbuka hukuwahi kushindwa na raketi, baba.

Eustace aliandika *hamsini, namba ya kulipia.* Namba ikaja. Akatuma. Wakasubiri wote, hata Paskalia ambaye gari lake lilikuwa limeanza kupiga honi kituoni. Simu ikalia.

Juliana akasoma kwa sauti:

– *Baba, Mungu akubariki. Ile ishirini ilinikata maini, nina mama mgonjwa Ifakara na watoto wawili shule, nikazima simu nikakaa. Zinapanda basi la asubuhi. Uje na kitambulisho.*

– Amelia, alisema Paskalia taratibu, akijitwisha ungo. Amemtaja na mama. Huyo ni mtu mkweli kabisa.

Alikwenda zake kupanda gari la mlimani. Kibwana alimwagia maji jiko, Juliana akakifunga kinyoya kwenye leso. Na Eustace, aliyekuwa akiongoza tangu kiwanda kifungwe, alibaki ameishika simu mkononi, akimwomba Mungu kwa dhati, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba mfanyabiashara aliyempa pesa yake awe mwizi.