Muhuri wa Ubalozini

Basi lilibembea, na nesi aliyetoka zamu akayasikia mazungumzo ya kiti cha mbele kama anaota. Mama mmoja alikuwa ameilaza hati mapajani, wazi.

"Ikunje tu, dada," alisema jirani yake, fundi rangi asiyemjua. "Muhuri umeshakauka."

"Bado."

"Tangu asubuhi ubalozini? Wino gani huo, uji?"

"Nimempa kaka yangu idhini auze nyumba ya marehemu mama. Ukikauka, ndiyo basi tena. Niache nikae uani kwa mama kidogo."

Fundi akacheka, akanyoosha kidole aujaribu.

"Usiguse, utauharibu!" nesi alimaka, ingawa alikuwa anauona: mkavu kau.

Basi likasimama. Mama akashuka taratibu, hati viganjani, kama amebeba beseni lililojaa maji.