Kiti cha Maman Alphonsine

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwahudumia wazee katika makao yetu ya Ixelles, Maman Alphonsine Kalenga anastaafu tarehe 30 Juni 2016. Alianza kwa kufua mashuka, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ghorofa ya pili, na muda wote huo ameugua mara chache kuliko lifti yetu.

Wengi mnamjua kwa kicheko kinachomtangulia koridoni. Sisi wa ghorofa ya pili tunamjua pia kwa jambo jingine: hakuwa akiketi katika chumba cha Madame Isobel Rennie.

Madame Isobel, mwandishi wa riwaya kutoka Uskoti, alifundisha Likasi, kule Katanga, ujanani na akaja kwetu mwaka 2004. Riwaya alikwisha kuziacha. Alichobaki kuandika ni barua, kwa Kiswahili, kwa rafiki yake Cécile aliyekuwa bado Likasi. Cécile hakusikia vizuri kwenye simu, na posta haikuaminika. Basi Jumapili baada ya misa Maman Alphonsine alisimama mlangoni mwa kanisa akitafuta msafiri wa Katanga mwenye nafasi ya bahasha moja kwenye mzigo wake. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo, pengine baada ya miezi. Katika miezi hiyo Madame alikula kidogo, na kila mlango ulipogongwa alishtuka.

Aliijua desturi ya kule: habari ya kifo haitolewi watu wakiwa wima. Wajumbe huingia, huketi, hunyamaza kwanza. Siku moja mwaka 2009 Maman Alphonsine, magoti yakimuuma, aliingia na mpishi wetu Jérôme kuuliza kuhusu supu. Wote wawili wakaketi. Kalamu ilimponyoka Madame.

"Simameni! Alphonsine, nakuomba, simama!"

Ilichukua muda kumtuliza. Baadaye jikoni Jérôme alijaribu mzaha: "Supu yangu haiyaua muntu bado." Hakuna aliyecheka. Maman akasema, "Bon, mi sitaikala tena mule. Siku nitaikala, atajua."

Alitimiza. Alimsomea barua wima, akamshikia karatasi wima, hata magoti yalipovimba. Nasi tukaanza kuogopa viti. Nilipoajiriwa, nilionyeshwa kwanza mlango wa dharura, kisha kiti kile cha chumbani kwa Madame.

Machi 2013 alitupita koridoni bila kicheko. Mlango ulibaki wazi, tukamwona akivuta kiti. Madame alimtazama akiketi. Hakupiga kelele. Aliomba tu amalizie barua aliyokuwa ameianza, na Maman akamtafutia msafiri wa kuipeleka. Binti wa Cécile aliisoma kaburini.

Tangu hapo barua za Madame huandikiwa mtu wa ghorofa hii hii: Maman huzikuta kwenye trei ya asubuhi. Ndiyo maana kuondoka kwake kunatutisha. Madame ameuliza mara nyingi kama Anderlecht, anakohamia Maman, ni mbali. Tumemjibu kwamba Dady wa chumba cha kufulia anakaa huko na hupanda metro kila siku. Yeye ndiye msafiri wetu mpya. Maman ameahidi kujibu.

Maman, asante kwa miguu yako. Anderlecht ikupe afya, wajukuu wengi na asubuhi zisizo na kengele. Kwenye hafla kiti chako kiko mbele, kando ya Madame. Keti bila wasiwasi. Tumekwisha kumwambia: siku hiyo kuketi ni kuketi tu.