Fundi Bomba Aliyemrudisha Kaka Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, poleni na msiba. Familia imenituma nisome maisha ya baba yangu mdogo. Ukweli ni kwamba alinituma mwenyewe, wiki tatu kabla ya kututoka, akanipa sharti moja: "Usiniandike malaika, mwanangu. Andika na lile neno nililosema." Nimeandika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mpiga Pasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchoma matofali na mama aliyefulia watu nguo. Kaka yake, ambaye ndiye baba yangu mzazi, alikuwa amemtangulia kwa miaka sita. Walikuwa chanda na pete. Bibi alikuwa akisema mkubwa akipiga chafya, mdogo ndiye anayetafuta kitambaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akapanga matofali mabichi juani kwa miaka mitatu. Baba yangu, aliyekuwa tayari ameajiriwa kwenye tanuri, ndiye aliyemtoa huko na kumpeleka chuo cha ufundi, mwaka 1974 na 1975. Kazi ya kwanza aliyoimaliza chuoni peke yake ilikuwa kopo la bati la kubebea chakula. Alilichomelea vizuri likawa halivuji, akapiga nyota tatu kwenye mfuniko kwa msumari, akampa kaka yake. Baba alikula kwenye kopo hilo kila siku ya kazi.

Mwaka 1976 aliajiriwa na idara ya maji kama fundi bomba, akadumu humo hadi kustaafu mwaka 2012. Wenzake waliopo hapa wanakumbuka alivyokuwa akisimamisha nondo juu ya barabara, anaitegea sikio kusikiliza bomba linalovuja chini, kisha anasema, "Chimbeni hapa." Walichimba, na maji yalikuwa hapo. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Nawaomba mlikumbuke hilo kwa yanayofuata.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1979, baba yangu alitoka zamu jioni na hakufika nyumbani. Ijumaa asubuhi wafanyakazi na majirani walianza kumtafuta. Walikuwa wameingia uwanja wa nyuma wa kiwanda, kwenye mashimo ya zamani ya udongo, pale marehemu alipofika akihema kutoka kituo cha mabasi. Alisema amemwona kaka yake akipanda basi la asubuhi, amevaa koti lake la kijani. Msimamizi wa tanuri alimuuliza kama alimwona uso.

"Koti la kaka yangu silijui?" alijibu. "Ni yeye. Nimemwona kwa macho yangu."

Watu walitoka mashimoni, wakajikung'uta vumbi, wakarudi kazini. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba baba amemfuata mwanamke, na wengine walijua mpaka urefu wa mwanamke mwenyewe. Marehemu hakudanganya. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekesha akiogopa mabaya, na koti aliloliona kwa mgongo tu lilimpa alichotaka kuamini.

Mimi nilikuwa na miaka minne. Mama yangu akawa mke aliyekimbiwa, na mnajua jina hilo linavyomtangulia mtu mlangoni. Bibi alikataza mwanawe asitajwe ndani ya nyumba yake, na hakumtaja mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1994. Aliondoka na kinyongo chake. Baba mdogo ndiye aliyeezeka upya paa letu, akanisomesha, akasimama upande wangu siku nilipoolewa.

Tarehe 1 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kazi mkabala na ofisi za maji. Mama mdogo anasema bwana huyu alipeleka suruali moja kushonwa zipu mara tatu, na mara ya tatu zipu ilikuwa nzima. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1998 idara ilipiga mnada vifaa vyake vilivyochakaa, na marehemu akanunua mashine inayolia juu ya madini, ya kutafutia vifuniko vya vali za bomba vilivyofukiwa na lami. Alibadilisha waya, akaunga mpini kwa kipande cha bomba, na kuanzia hapo kila Jumamosi alikwenda kutafuta sarafu za zamani. Alitembea polepole viwanjani akiusogeza ule mduara wa chini kushoto na kulia, na ndipo majirani walipomwita Mpiga Pasi. Alipata sarafu zenye tundu katikati, sarafu zilizolika mpaka sura ya mfalme ikawa kama jiwe la mtoni. Hakuuza hata moja. Aliziosha kwa maji matupu, akaandika kwenye daftari siku na mahali. Kuna siku mashine ililia sana kwenye uwanja wa shule, akachimba saa nzima huku walimu na wanafunzi wamemzunguka, akatoa mfuniko wa sufuria. Aliuinua, akawatangazia kwa sauti ya kiofisi kwamba sufuria yenyewe itatafutwa wiki ijayo.

Kiwanda cha matofali kilikuwa kimeshafungwa. Mwaka 2011 mwenye eneo alimruhusu kutafuta nyuma ya kiwanda, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakipumzika huko na lazima waliangusha sarafu. Jumamosi, tarehe 21 Mei, mvua zilikuwa zimemega ukingo wa shimo moja la udongo lililojifukia zamani. Mashine ililia ukingoni. Alichimba kwa koleo lake dogo la bustani, akapata mfuniko wa bati. Aliusugua kwa kidole gumba. Ulikuwa na nyota tatu.

Alituambia kwamba hapo angeweza kuacha na kuita watu, lakini mkono uliendelea wenyewe. Chini ya mfuniko palikuwa na kopo, na pembeni ya kopo bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda. Mkanda ulikuwa umeoza, ila bizimu ilikuwa bado imefungwa, na mabaki ya mkanda yalikuwa yamezunguka mfupa wa mguu uliovunjika.

Polisi walikuja, na daktari naye akaja. Daktari alieleza kwamba aliyeanguka mle alivunjika mguu, akajifunga mwenyewe kwa mkanda, na kwamba mtu hajifungi hivyo akiwa amekufa. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Aliishi mle saa ngapi, au siku ngapi, na kama alisikia wale waliokuwa wakiita Ijumaa ile kabla hawajanyamaza.

Marehemu alikuja kwa mama yangu siku hiyohiyo, magoti yana udongo. Mke wake alikuwa amemsihi aseme kaka alikufa papo hapo. Nani angebisha? Mimi nilikuwepo. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Shemeji," alisema, "kaka hakwenda popote. Mimi nilisema nimemwona. Niliona koti, sikumwona yeye."

Mama akauliza kama mume wake aliteseka.

"Ndiyo," alisema marehemu. "Alijifunga mguu."

Mama alimshukuru, akafunga mlango taratibu. Hakusema naye tena kwa miezi saba.

Tulimzika baba mwezi Juni mwaka huo. Majirani waliomwita mama mke aliyekimbiwa walikuja kumpa pole, wengine wakilia kuliko yeye. Marehemu alisimama nyuma kabisa. Baada ya hapo alirudi shimoni kila Jumamosi kwa miezi kumi na moja. Sarafu alizoziona alizirudisha ardhini. Alikuwa anatafuta vifungo vya shaba vya lile koti la kijani, ajiridhishe kwamba lilikuwa mle siku zote. Lilikuwa na vifungo vitano. Alipata vinne, na cha tano hakukipata. Mama mdogo alipomwambia vinne vinatosha, alijibu kwamba mwaka 1979 pia alidhani ameona vya kutosha.

Mwaka 2019 miguu ilianza kuvimba. Madaktari waligundua figo zimechoka, na kuanzia Februari 2020 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alivumilia, ingawa si kweli kwamba alikuwa mchangamfu. Alikaa kwenye kiti kile cha hospitali akitazama ukuta, na wauguzi walidhani anaringa. Aliwahi kuniuliza nani atakwenda kumwambia Bibi kwamba mwanawe hakumkimbia.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba mwaka huu wa 2023, mama yangu aliomba nimpeleke hospitali. Tangu walipoanza tena kusalimiana hawakuwahi kulizungumzia jambo lile. Alivuta stuli, akakaa karibu na kichwa cha kitanda, na marehemu akamuuliza kama amemsamehe.

"Sijui, shemeji," alisema mama. "Nimejaribu, siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Lakini miaka thelathini na miwili nilikuwa mke aliyekimbiwa. Wewe ndiye uliyenirudishia mume wangu, na uliponirudishia hukunificha kitu."

Marehemu alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Mama hakuondoka. Alibaki pale mpaka wauguzi walipomwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi saba. Anazikwa leo kando ya kaka yake, kama alivyoagiza, na mama yangu ndiye aliyekubali.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, shemeji mmoja, na mimi, binti wa kaka yake, niliyemwita baba mdogo na ambaye kwa malezi sikuwa na baba mwingine.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.