Nani Alimsahihisha Msahihishaji

Benchi la kahawa la Mikumi, mkabala na maegesho ya malori, lina wenyewe watatu. Tomasi Spana hufungua matairi. Elikana Wakili mahakamani alifika mara moja tu, akiwa shahidi. Anselmi Eksirei alipiga na kusoma picha za vifua hospitalini miaka thelathini na moja, akastaafu. Asubuhi hiyo habari ilikuwa mashine mpya ya kusoma picha hizo: ilipewa picha mia nne za majaribio, ikakosa nyingi, na sasa inarudishwa ilikotoka. Anselmi alikunywa kahawa yake. Alikuwa amechoka tangu kikombe cha kwanza.

— Kompyuta haina mapafu, itajuaje kikohozi? Wakili alisema. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Spana akalaumu vumbi la malori, kisha tembo wa hifadhini, ambao wakitembea umeme hutikisika. Wakili hakukubali kuachwa nyuma.

— Imekosa makusudi, bwana. Imeogopa kupangiwa Mikumi. Hata walimu hufanya hivyo.

Akafika Perpetua wa Chanzuru, akawaamkia shikamooni. Mumewe, Gerald, alipigwa picha katika majaribio yale. Mashine ilisema ana kifua kikuu. Baadaye wakaambiwa imekosea, arudi nyumbani. Miezi miwili sasa, bado anakohoa.

— Walijuaje imekosea? Perpetua aliuliza.

Wakili akamweleza, kwa upole wa mtu anayejua: kila picha ilishaandikiwa jibu na mtu mwenye ujuzi. Mashine ikipingana naye, inapata kosa.

— Na huyo mtu alisahihishwa na nani?

Spana akajimiminia kahawa kutoka kwenye birika.

Mtu huyo alikuwa Anselmi. Enzi zake, picha ya shaka ilimpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, Kilosa, akapoteza siku za kulima. Basi yeye, kwa huruma, mwenye picha ya shaka alimwandika safi. Mkono ulizoea. Alipoitwa kutoka kustaafu aziandikie majibu zile picha mia nne za majaribio, alizimaliza kwa siku tatu, kwa mkono uleule. Ya Gerald haikumbuki, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Akaweka kikombe chini.

— Mpeleke leo, mama, wampime makohozi. Waambie jibu la kwamba hana ugonjwa aliliandika Anselmi Deogratias Mgaya. Wasiliamini. Na hizo picha nyingine zote, wazisome upya.

Perpetua akalirudia jina lile mara mbili, polepole, asije akalisahau njiani.