Picha Moja kwa Zahanati Zote

Kijiwe cha kahawa kimeegemea ukuta wa chuo cha wakunga. Asubuhi hiyo Waya, fundi wa mtandao wa chuo, alikuwa kapanga simu mbili juu ya benchi, na roho haikuwa mahali pake. Mkewe alikuwa darasani anafundisha, na somo lake likirushwa hadi zahanati zote za mbali. Miaka nenda miaka rudi mama wa watu alizifuata zahanati kwa gari, moja baada ya nyingine, akirudia somo lile lile, huku watoto wake wakimjua zaidi kwa simu. Mkuu wa chuo alishasema: picha ikikwama popote, mwalimu anarudi barabarani.

— Simu hii iko mtandao wa zamani, hii mtandao mpya, alisema Waya. Hebu tazameni, zinakwenda sawa?

— Pacha hao! alisema Kiwembe, kinyozi. Mkono ukiinuka huku, na huku umeinuka.

— Zahanati zote hizo, umetuma picha ngapi? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Moja tu. Ikifika njia panda, mtambo unaitolea nakala: moja huku, moja kule. Pasipo na mtazamaji haiendi.

Kiwembe akashika kichwa.

— Moja! Basi huo mtambo unazaa. Umekaa chuo cha wakunga mpaka umeelewa.

— Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba, Breki aliunga mkono, ingawa kibaba chenyewe hakuna aliyekiona.

— Na huo mtandao mpya una nini cha zaidi? aliuliza Kiwembe.

— Anwani nyingi, kila simu na yake, ila ndefu. Za zamani zilikuwa zinatuishia.

— Ndefu? Si utachelewa! Kusoma jina tu ni safari.

— Nimepima wiki nzima, kaka. Tofauti yake jicho halioni.

— Njia ya mwongo ni fupi, Kiwembe akakata shauri. Anwani ndefu ni ya mkweli. Mtandao huo utafundisha hata walio tumboni, wazaliwe na vyeti vyao!

Shangazi wa kahawa akamjazia Waya kikombe bila kuombwa.

— Hongera, mwanangu. Umemrudisha mwenzio nyumbani.

Waya alicheka peke yake. Alijisikia fahari, wala hakuificha.

Hapo akasimama mama mmoja, begi begani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa mkunga wa zahanati ya mbali, kafuata dawa.

— Shikamoo shangazi. Jamani, si mwalimu wetu huyu? Kama namgusa!

Kwenye simu, mwalimu akamlaza mwanasesere mezani.

— Mtoto akitanguliza makalio, msimvute. Kuna swali?

Akatabasamu, akingoja.

— Mimi ninalo, alisema mkunga. Nimuulizie wapi?

Kiwembe akamtazama Breki. Breki akamtazama Waya. Waya alikuwa amepima picha kwenda, wiki nzima, kwa mtandao wa zamani na kwa mpya. Njia ya swali kurudi kwa mwalimu hakuiweka.

Kwenye simu zote mbili, sawasawa, bila kukwama hata kidogo, mkewe alikuwa bado anatabasamu, anangoja.